Dakika Sita Ambazo Hazikuwa Zangu



Kwenye klabu yetu ya kujifunza kuzungumza mbele ya watu, hapa Dar es Salaam, kuna kazi moja niliyokuwa naidharau: kutunza muda. Tunafuata utaratibu wa Toastmasters, ulioanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 kule California. Mtunza muda anakaa mahali anapoonekana, simu inahesabu sekunde, mkononi ana kadi tatu. Hotuba ikiwa ya dakika 5 hadi 7, unainua kijani dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7. Baada ya hapo mzungumzaji ana sekunde 30 za kumalizia. Basi. Nilijiona nimepewa kazi ya mtoto.

Jioni moja kaka mmoja mzoefu alisimama kumzungumzia mama yake aliyefariki. Kijani ikapita, njano ikapita. Dakika ya 7 sauti ikamkatika, akaanza kulia. Kadi nyekundu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaangalia yale machozi, nikairudisha mezani. Moyoni nikasema, "Mimi ni Mkristo bwana, nitamkatishaje mtu anayemlilia mama yake?" Alimaliza dakika ya 13. Watu walipiga makofi, na kiukweli nilijisikia mtu mwema.

Sasa, ukumbi wenyewe tunaazima. Saa mbili kamili usiku mlinzi anafunga. Kwenye ratiba alibaki dada mmoja mgeni, na hotuba yake ya kwanza kabisa, ile ya kujitambulisha, dakika 4 hadi 6. Mwenyekiti akatazama saa, akamwambia, "Dada, samahani sana, tutakusikiliza wiki ijayo." Yule dada alikuwa ameomba ruhusa kazini na kupanda daladala mbili. Akatabasamu, akasema, "Hamna shida," akakunja karatasi zake. Wiki iliyofuata hakuja.

Hebu piga hesabu. Kaka alizidisha dakika 6. Dada alihitaji dakika 6.

Swali lilinisumbua: je, nilikosea kuwa na huruma? Mtu anayelia si anastahili kusubiriwa? Katekisimu, namba 1807, inafundisha kwamba haki ni utashi thabiti wa kumpa Mungu na jirani kile kilicho chao. Na Mtakatifu Thoma wa Akwino anasema huruma haifuti haki, bali inaikamilisha. Anatoa mfano: ukidaiwa dinari mia, ukalipa mia mbili kutoka mfukoni mwako, hujavunja haki. Umekuwa mkarimu.

Kutoka mfukoni mwako. Hapo ndipo niliponaswa. Mimi nilikuwa mkarimu kwa mfuko wa mtu mwingine. Kama kweli nilimhurumia yule kaka, ningeinua kadi, halafu baada ya kikao nikae naye pale nje hata saa nzima, nimsikilize habari za mama yake. Hiyo saa ingekuwa yangu. Lakini kikao kilipoisha mimi nilikimbilia daladala, jamani.

Mnakumbuka Matendo ya Mitume sura ya 20? Paulo anahubiri kule Troa mpaka usiku wa manane. Kijana Eutiko amekaa dirishani, usingizi unamzidi, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Huwa tunacheka tukisoma hapo. Ila angalia alichofanya Paulo: aliacha kuhubiri, akashuka, akamkumbatia, na yule kijana akawa mzima. Kwenye kila kikao kuna mtu wa dirishani. Aliye mbele, mwenye sauti na machozi, tunamwona wote. Wa dirishani anasema "hamna shida" na kuondoka.

Hata kwenye jumuiya zetu ni hivyo hivyo. Mmoja akishika tafakari nusu saa, mama mwenye mgonjwa nyumbani anaondoka kabla hajatoa nia yake. Mazoezi ya kwaya yakianza saa nzima baadaye, aliyewahi ndiye anayelipa.

Nilimpigia yule dada simu, nikamwomba msamaha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, mimi nilijua hotuba yangu haina maana ndiyo maana ikaachwa." Hilo neno sijalisahau mpaka leo.

Alirudi wiki ya tatu. Niliomba mwenyewe kutunza muda. Aliyemtangulia alipofika dakika ya 7 niliinua nyekundu, mkono unatetemeka. Alikunja uso, lakini alimaliza. Dada akasimama na karatasi zake. Nilipoinua kijani alikuwa bado anatetemeka. Nilipoinua njano alikuwa anacheka na watu.

Wiki hii jiulize: ukarimu wako unatoka mfukoni mwa nani?

Ee Bwana, utufundishe kuhesabu siku zetu, na tusihesabu za wenzetu kuwa ni zetu. Amina.