Kuhepa Rafiki kwa Elfu Tatu

Rafiki akikukopa elfu tatu akashindwa kulipa, mara nyingi pesa siyo hasara ya kwanza. Unampoteza yeye. Simu hashiki, kwa kundi la WhatsApp ananyamaza, akikuona Moi Avenue anavuka upande ule mwingine. Watu watakwambia hana aibu. Mimi naona anayo nyingi mno.

Mwanasaikolojia Mmarekani Helen Block Lewis, katika kitabu chake cha 1971, alitenganisha aibu na hatia hivi: hatia huangalia kile ulichofanya, aibu hukuangalia wewe mzima. Mwenye hatia anawaza, "Huyu atalipaje kodi ya nyumba?" Anakufikiria, kwa hivyo atakuja hata na nusu. Mwenye aibu anawaza, "Ataniona mtu wa aina gani?" Huyo anahepa, na kila wiki anayohepa inamwongezea sababu ya kuhepa.

Wakopeshaji wa simu walilijua hili vizuri. Walikuwa wakipigia watu walio kwa simu yako, bosi, shangazi, hata mpenzi wa zamani, mpaka kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 zikapiga marufuku. Kuna waliolipa, sawa. Lakini mkopeshaji wa simu hahitaji umpende kesho.

Na anayedai pia huona haya, jambo ambalo hatulisemi sana. Mtu anaomba pesa yake mwenyewe akianza na "samahani kukusumbua", utadhani yeye ndiye mwizi. Basi mnabaki wawili mnaoona haya, kila mmoja akichungulia status ya mwenzake kimyakimya.

Rafiki yangu mmoja hakuja matanga ya baba kwa sababu ya hiyo elfu tatu. Mchango alituma, mia tano, kupitia namba ya dadake ili jina lake nisilione. Dadake ndiye aliniambia baadaye.

Ningemwambia "sahau tu", lakini msamaha wa hivyo ungemfanya mtu wa kuhurumiwa, na hapo angepotea kabisa. Nilimwomba alipe mia tano kila mwezi. Ametuma mara mbili, na ya pili akaongeza "uko poa?" Nikajibu niko poa. Ya matanga bado hatujaongea.