Je, Gugu ni Nini?

Hapa kwetu Ruponda uwanja wa nyumba usiofagiliwa mpaka udongo ung'ae huhesabiwa kuwa uwanja wa mtu mvivu. Nasi walimu tumeitia nguvu desturi hiyo. Kila masika twawapa watoto majembe, walime majani yote yaliyoota kuzunguka shule, kisha twapanda maua ya kigeni kwa mistari, na kando yake mawe yaliyopakwa chokaa. Hatukukosea kabisa, maana nyoka hujificha majanini.

Lakini gugu ni nini? Mkulima atajibu kwamba ni mmea ulioota mahali usipotakiwa. Vema, usipotakiwa na nani? Liko ua jekundu, la mviringo kama mpira wa nyuzi, litokalo katika kitunguu kilicho chini ya ardhi mvua zianzapo. Halikupandwa na mtu. Kitunguu hulala kiangazi chote, moto wa porini hupita juu yake, na mwaka wa pili huchanua tena, vipepeo wakalijia. Mshubiri nao huchanua wakati wa ukavu, ukawalisha chozi na nyuki.

Mwenye mikorosho atasema, "Nyuki namtaka, kwa kuwa ua la mkorosho lahitaji wadudu walichukulie chavua." Naam. Lakini mkorosho (nao ni mgeni, asili yake Brazili) huchanua miezi michache tu. Miezi iliyosalia nyuki ale wapi, nasi tumekwisha kulima kila kitu?

Hata hivyo hoja ya faida haitutoshi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Mitambo iling'oa pori, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Basi, ua la mkaranga hujirutubisha lenyewe. Halimhitaji sana nyuki. Wenye mitambo, kwa hesabu ya faida, wangemfikiria kwa sababu gani? Ikiwa nyuki ana haki kwa ajili ya korosho zetu tu, siku tubadilishapo zao haki yake yakoma.

Mtoto mmoja darasani alitutia katika shida kubwa zaidi. Liko ua litambaalo vichakani, jekundu na njano, lililopinda juu kama ndimi za moto. Mzizi wake una sumu iuayo mtu. "Mwalimu, na hili tuliache?" Tulinyamaza kwanza. Kisha tukaling'oa lile lililokuwa karibu na njia ya watoto wadogo, na lile lililo mbali, nyuma ya uzio, tukaliacha. Uhai wa mtoto washinda ua, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini lile la mbali halijamdhuru mtu.

Atakaye kuyapanda maua haya nyumbani asiende kuchimba vitunguu porini. Akusanye mbegu zilizokauka, na awe na subira. Huko Kitulo, paitwapo Bustani ya Mungu, palipofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi vikauzwe Zambia kuwa chakula.

Sisi mwaka huu tumeacha ukanda wa hatua sita nyuma ya darasa bila kuulima. Wazazi wawili wamekwisha kutuuliza kama walimu wamechoka.