Haluli si Adhabu

Likizo ilipokaribia kwisha bibi alitupanga mstari uani: kijiko cha mafuta ya mbarika, kipande cha limau cha kufuta ladha, kisha siku nzima ya kugombea mlango wa choo. Alitupenda, Mungu amrehemu. Lakini tumerithi mazoea yale bila kuyauliza. Leo watu wazima wanajiharisha kila mwezi eti watoe sumu, na mabinti wanakunywa sanamaki ili gauni la harusi liwakae.

Mwanangu unayekunywa sanamaki, sikia. Dawa ile hupita tumboni kimya. Bakteria wa utumbo mpana ndio huiamsha, nayo huuchokoza utumbo ujikaze na kusukuma. Ndiyo maana ukiinywa usiku unaamshwa alfajiri, baada ya saa 6 hadi 12. Wakati huo wali na soda ulivyovikimbia vimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachomwaga ni maji na chumvichumvi, pamoja na potasiamu ambayo moyo huitegemea upige sawasawa. Mizani itashuka, ukinywa maji itapanda. Mafuta umebaki nayo.

Zipo haluli za upole. Maganda ya isabgoli hunywa maji yakavimba, utumbo ukapata kitu cha kusukuma. Lakini yataka maji mengi, la sivyo hukwama njiani. Laktulosi huvuta maji yaje kulainisha choo, na huchukua siku 1 hadi 2. Hapo ndipo tunapoharibu: asubuhi kimya, mchana tunaongeza dozi, jioni tunatafuta kali zaidi. Kisha usiku kuhara kunatukuta barabarani.

Mjamzito asinyweshwe mbarika ili uchungu uje haraka. Mwenye tumbo linalouma sana huku anatapika asipewe haluli yoyote; huenda utumbo umeziba.

Linaloniuma zaidi ni aibu. Mzee anakaa wiki na choo kigumu, pengine ni vidonge vya madini ya chuma au vya maumivu vilivyomfunga, naye hasemi kwa sababu anayemuuguza ni mkwewe. Mwulizeni kwa adabu, pembeni, bila kicheko: “Baba, haja inakwenda vizuri?” Mpeni maji, papai, mboga, na nafasi ya kukaa chooni bila kugongewa mlango. Na akisema ameona damu, msipite dukani kununua dawa. Mpelekeni hospitali.