Je, Asiyeulizwa Akanyamaza, Amesema Uongo?



Lipo swali moja ambalo limenisumbua tangu msimu wa korosho uliopita, nami nimeona heri nilieleze hapa ili tulifikiri pamoja. Swali lenyewe ni hili: mtu anayeuza kitu chenye kasoro, naye hakuulizwa juu ya kasoro hiyo, akinyamaza, je, amesema uongo?

Swali hili lilinijia kwa njia ya gari. Nilinunua Land Rover kuukuu, ya mwaka 1974. Wazee wenzangu hawana haja ya kuelezwa magari haya. Tangu yalipoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948, yamepita katika mapori na mchanga wa kusini kwetu yakichukua mapadre, waganga na mabwana shamba, kwenda mahali ambapo gari jingine lingekwama. Nilitaka gari la kunifikisha shambani, na pia la kusaidia kazi za kanisa. Mwenye gari tulikubaliana tulijaribu. Tukatoka Shangani asubuhi na mapema, tukaenda Mikindani na kurudi. Gari lilikwenda vizuri, na mshale wa geji ya joto haukusogea hata kidogo. Nikalipa, nikashukuru Mungu.

Wiki ya tatu akina mama wa kanisa waliniomba niwapeleke upande wa Kilambo kuwafariji wafiwa. Tulikuwa watu wanane. Tulipoiacha barabara nzuri na kuingia njia ya mchanga, ilinibidi niendeshe kwa gia ndogo, na jua lilikuwa la saa sita. Mara harufu ya mpira ukiungua, mara mvuke ukatoka chini ya boneti kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mshale wa geji ulikuwa bado umelala pale pale. Kijana mmoja aliyekuwa pamoja nasi, kwa nia njema, alikimbilia kufungua mfuniko wa rejeta kabla sijamzuia. Maji ya moto yalimrukia mkononi, na alama anayo mpaka leo.

Tulikaa kivulini muda mrefu tukingoja injini ipoe. Bibi mmoja wa pale kijijini, aliyekuwa ametoka kuteka maji mbali, alitupa ndoo moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Nilipotaka kumlipa alikataa. Tukafika msibani jioni, watu wamekwisha kuzika.

Nilipolirudisha gari mjini, fundi alilifungua akanionyesha. Mirija ya rejeta, sehemu ya chini, ilikuwa imeziba kwa kutu na magadi ya miaka mingi. Palipokuwa panavuja, mtu alikuwa ametia ute wa yai, ambao hugandamana kwa joto na kuziba tundu kwa siku chache, tena huziba hata mirija iliyo mizima. Kile kikombe kinachoizunguka feni hakikuwapo, kwa hiyo feni ilivuta hewa ya pembeni badala ya ile inayopita kwenye rejeta. Themostati ilikwisha kutolewa, kama wengi wafanyavyo wakidhani inazuia maji, kumbe katika injini nyingine ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka kwa njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta. Na geji ya joto? Waya wake ulikuwa umechomolewa.

Ndiyo sababu asubuhi ile ya Mikindani hatukuona neno. Gari jepesi likienda mbio kwenye lami, upepo wenyewe huipoza rejeta. Bali katika mchanga injini hufanya kazi kubwa, gari linakwenda polepole, na upepo haupo. Kasoro ilikuwa inangoja siku ya mzigo.

Nilikwenda kwa yule aliyeniuzia nikiwa na hasira. Nikamwuliza kama alijua. Hakukana. Alisema, "Nilijua, Mwalimu. Lakini wewe hukuniuliza."

Nikamwambia kwamba huo ni uongo. Naye akanijibu neno ambalo sikulitazamia. Alisema, "Mimi nilinyamaza. Wewe ulisema. Siku ile ulilizunguka gari langu ukasema ni chuma chakavu tu, halifai hata kwa kuku kulalia, ndipo nikapunguza bei. Je, uliamini kuwa ni chuma chakavu?"

Ndugu zangu, sikuamini hivyo. Nilikuwa nimesikia habari za Oktoba 2024, jinsi mamia ya Land Rover, mpya na kuukuu, yalivyokusanyika Arusha kwa maonyesho, na nilijua kuwa tangu hapo wako watu wanaozitafuta hizi kuukuu kwa bei nzuri. Yeye hakuwa na habari hiyo. Mimi nilikuwa nayo, nikainyamazia. Tena sikunyamaza tu, nililidharau kwa mdomo gari nililolipenda moyoni. Mwenye kitabu cha Mithali anamjua mtu wa namna hiyo. Katika sura ya 20, mstari wa 14, anamweleza mnunuzi anayeidharau bidhaa mbele ya muuzaji, kisha akienda zake hujisifu. Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikidhani unasema habari za watu wa sokoni.

Basi nilirudi nyumbani nikiwa si mshitaki tena, nikaanza kulipima swali upya.

Swali hili ni la zamani sana. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alimwandikia mwanawe kitabu juu ya wajibu wa mtu, na ndani yake akaweka mfano wa mfanyabiashara aliyepeleka nafaka kutoka Aleksandria kwenda kisiwa cha Rodo wakati wa njaa. Huyo mtu anajua kwamba merikebu nyingine nyingi zenye nafaka ziko njiani. Je, awaambie watu wa Rodo, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Cicero anaeleza kuwa wanafalsafa wawili walishindana. Diogene wa Babeli alisema kuwa kutosema si sawa na kuficha, na muuzaji anapaswa kusema yale tu ambayo sheria inamtaka. Antipatro, mwanafunzi wake, alisema kuwa wanadamu ni jamaa moja, kwa hiyo haifai kumficha mwenzio neno linalomfaa. Cicero alikuwa upande wa Antipatro.

Katika karne ya 13, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipima jambo hili kwa uangalifu zaidi. Alisema kwamba kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji ni lazima aitaje. Bali kasoro inayoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, hana lazima kuitaja, maadamu amepunguza bei ipasavyo. Na juu ya yule mwenye nafaka, Tomaso alisema kuwa akinyamaza hakuvunja haki, lakini akisema, wema wake ni mkubwa zaidi.

Fundi wangu, ambaye ni Mwislamu, aliposikia habari hii alinisimulia jinsi Mtume wao alivyotia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini imelowa. Mwenye nafaka akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Nasi wa Mtwara tunalielewa jambo hilo vizuri. Nani kati yetu hajasikia habari za gunia la korosho lenye korosho safi mdomoni, na katikati mchanga au mawe? Hakuna aliyesema kwa kinywa kuwa gunia lote ni safi. Ni gunia lililosema.

Hapo ndipo nilipoona kosa la yule muuzaji. Hakunyamaza tu. Waya wa geji ulipochomolewa, geji iliendelea kusema kila siku, "Hapana joto," naye akaniacha niisikilize na kuiamini. Na lililofichwa halikuwa jambo la fedha peke yake. Liliunguza mkono wa kijana ambaye hakuuza wala hakununua.

Na kosa langu je? Kwa kipimo cha Tomaso, sidhani nililazimika kumweleza kila habari za bei nilizozisikia. Mtu akijibidisha kujua mambo ya soko, si dhambi. Lakini sikuruhusiwa kusema nisiloliamini. Nilijitetea kuwa ndiyo desturi, kila mtu hupatana bei hivyo. Kweli, kupatana ni desturi yetu, na mtu anaweza kusema, "Sina zaidi ya hizi," au, "Kwangu ni ghali," kama ndivyo ilivyo. Kudharau mali ya mwenzio ili aione duni ni jambo jingine. Ni kumchomolea waya yeye naye, asijue thamani ya kitu chake.

Wako watakaosema kuwa nikifuata njia hii hakuna biashara itakayofanyika, kwa maana nani atauza akitaja kila kasoro? Nawajibu kuwa hatudaiwi kutaja kila mkwaruzo. Mimi nimepata kipimo kimoja ambacho nadhani hata mtoto wa darasa la nne anaweza kukitumia. Unapouza au kununua, jiulize: je, liko neno ambalo ninaomba moyoni mwangu mwenzangu asiliulize? Kama liko, ndilo hilo linalonipasa kulisema. Mtu haombi asiulizwe juu ya jambo ambalo halimhukumu. Katika sala ya kuungama hatutaji matendo yetu peke yake, twataja na yale tuliyoacha kuyatenda, nami naamini kunyamaza kwa namna hii kumo humo.

Nilirudi kwa yule bwana. Nilimwambia bei ambayo ningekubali kulipa kama nisingelidharau gari lake. Yeye akasema atalipa gharama ya rejeta. Tulipofanya hesabu, tofauti ilikuwa ndogo mno, kiasi cha kuchekesha. Lakini kijana aliyeungua hakuwa katika hesabu ile. Tulikwenda kwake pamoja, tukamwomba radhi, tukagawana gharama za matibabu yake.

Rejeta ilifumuliwa, mirija ikazibuliwa mmoja mmoja kwa chuma chembamba, ikalehemiwa upya. Themostati mpya imewekwa, kikombe cha feni kimepatikana, na mkanda umekazwa. Waya wa geji umeunganishwa. Sasa mshale unapanda, wakati mwingine kuliko ninavyopenda, nami husimama kivulini nikangoja.

Mwezi uliopita tulikwenda tena Kilambo. Kabla akina mama hawajapanda, niliwaambia kuwa breki ya mkono bado ni dhaifu, na kwamba penye mteremko nitahitaji mtu wa kuweka jiwe chini ya gurudumu. Hakuna aliyeniuliza. Mama mmoja alishuka akaenda kutafuta jiwe zuri, akalipakia. Njiani tulisimama kwa yule bibi, tukamshushia madumu mawili ya maji.