Mtoto Aliyekuja na Jina Lake

Soma Kutoka 2:1–11 na Warumi 8:14–17.

Binti Farao alipokifungua kile kisafina, alitambua mara moja kwamba mtoto yule ni wa Waebrania. Hakumpeleka jumbani siku ile. Alikubali anyonyeshwe na mwanamke Mwebrania, akamlipa ujira, na mtoto alipokuwa amekua ndipo akaletwa kwake, akawa mwanawe. Biblia haitaji umri wake, lakini jambo moja ni wazi: Musa aliingia katika nyumba ya mama wa pili akiwa amekwisha kulijua paja la mama wa kwanza.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Mzazi anayempokea mtoto mwenye kumbukumbu ana haki ya kudai nini kutoka moyoni mwake?

Swali hili limewakabili maelfu ya wazazi katika siku zetu. Mwaka 2010 peke yake, watoto zaidi ya 2,000 wa Ethiopia waliasiliwa na familia za Marekani. Wengi walikuwa wadogo, lakini wengine walikuwa na miaka saba, tisa, hata kumi na zaidi. Walijua njia ya kwenda kisimani na sauti ya bibi akiita jioni. Baadhi yao walikuwa na mzazi aliye hai, na wako wazazi waliodhani kwamba mtoto anakwenda kusoma tu, kisha atarudi. Mnamo Januari 2018 Bunge la Ethiopia lilipiga marufuku raia wa kigeni kuasili watoto wa nchi hiyo. Hata hivyo wale waliokwisha kuondoka walibaki katika nyumba zao mpya, na kazi ya kuwa familia iliendelea.

Fikiria msichana wa miaka tisa aliyefika katika nyumba kama hizo. Huko alikotoka hakuna jina la ukoo. Jina la mtoto hufuatwa na jina la baba yake. Karatasi zinapotiwa sahihi na jina jipya la familia kuandikwa, jina la baba linaondoka. Usiku msichana anaficha mkate chini ya mto. Akikumbatiwa anakakamaa. Mama mpya, aliyemwombea kwa miaka mingi, anaumia moyoni. Kanisani waumini wema wanamshika mtoto mkono na kumwambia, “Una bahati sana wewe!” Wanakusudia kumfariji, lakini yeye anasikia kwamba anadaiwa.

Hapa pana hatari ya kiroho. Upendo unaodai shukrani hugeuka kuwa mkopo, na mtoto aliyekopeshwa upendo huishi akihofia siku ya kulipa. Hakuomba kufiwa, wala kupandishwa ndege. Anayemwasili anatimiza wajibu aliouchagua mwenyewe, mtoto hakuchagua.

Wengine husema kwamba ni heri asahau, maana akiendelea kuyakumbuka ya kwao hatashikamana na wazazi wapya. Wasemao hivyo hawana nia mbaya, na neno lao lina ukweli fulani. Mtoto anahitaji nyumba iliyo yake kabisa; hawezi kukaa mlangoni maisha yote. Lakini mtoto anayelazimishwa kumzika mama mmoja ili apate mwingine hujifunza kwamba mama huweza kuzikwa. Atajiuliza kama na yeye siku moja atabadilishwa vivyo hivyo. Nyumba inayolitunza jina la mama wa kwanza inamhakikishia kwamba hapa watu hawatupwi.

Mtume Paulo alipowaandikia waumini wa Rumi juu ya kufanywa wana, aliwaandikia watu waliojua kwamba hata mtu mzima huasiliwa. Mwaka wa 4 B.K. Kaisari Augusto alimfanya Tiberio mwanawe, naye alikuwa na miaka 44. Waraka uliandikwa kwa Kiyunani. Hata hivyo, Paulo alipofikia kilio cha mtoto, aliacha neno la Kiaramu, Aba, kisha akaweka la Kiyunani kando yake. Lugha moja haikuifuta nyingine. Tena anasema Roho huyu haturudishi katika hofu ya mtumwa. Mtumwa ndiye anayepaswa kujipendekeza ili asifukuzwe.

Linganisha na Wagalatia 4:4–5. Ili wanadamu wafanywe wana, ni nani aliyesafiri? Mungu alimtuma Mwanawe, akazaliwa na mwanamke, akakua katika nyumba ya fundi seremala na kuijua lugha ya mtaa wake. Mwenye nguvu ndiye aliyevuka kwanza. Ndivyo ilivyo na mzazi anayemwasili mtoto wa taifa lingine: yeye ndiye ajifunze kulitamka jina la mtoto sawasawa, apike injera hata ikiharibika, aitundike ukutani picha ya mama wa kwanza, na amwombee mama huyo kwa jina katika ibada ya jioni. Sheria ya Familia ya Ethiopia ya mwaka 2000 yenyewe ilitamka kwamba mtoto aliyeasiliwa hubaki na uhusiano wake na familia alikozaliwa.

Upendo wa kweli huuliza pia swali gumu zaidi: je, ilikuwa lazima mtoto huyu aondoke? Mkataba wa Hague wa mwaka 1993 unataka mataifa yajitahidi kwanza kumwezesha mtoto kubaki na familia yake ya kuzaliwa. Mtoto akikua ataliuliza swali hilo mezani. Mzazi asimjibu kwa hasira, hata kama jibu linamwumiza.

Siku moja mtoto atasema, “Wewe si mama yangu.” Jibu la upole ni hili: “Najua unaye mama. Mimi nami nipo, na kesho nitakuwepo.” Kisha kesho yake awepo. Baada ya asubuhi nyingi za namna hiyo, mkate unaacha kufichwa.

Musa alipokuwa mtu mzima aliwaendea ndugu zake, na kwa imani hakutaka tena kutambulishwa kama mwana wa jumba la kifalme (Waebrania 11:24). Binti Farao alimwokoa mtoto ambaye hakubaki wake. Lakini yule mtoto aliishi.

Maswali ya kujadili:

1. Je, binti Farao alipata hasara? Toa sababu za jibu lako.

2. Katika kanisa lenu kuna mtoto anayelelewa na watu wasio wazazi wake wa kuzaliwa? Ni maneno gani mnayomwambia yanayomfanya ajione mdeni?