Deni la Aliyechaguliwa

Tarehe 1 Julai 2024 nilikuwa kibandani kwangu pale stendi ya Kibiti, ninapotengeneza na kuchaji simu za watu. Habari ilipotoka, simu zote zilizokuwa kwenye chaja zikaanza kulia kwa pamoja. Yanga walikuwa wamemtangaza Clatous Chama.

Kwa asiyefuatilia mpira niseme kwa kifupi. Chama alikuja Simba mwaka 2018, akaenda Morocco mwaka 2021, akarudi Januari 2022. Tulimwita Mwamba wa Lusaka. Sisi watu wa Simba tulimpenda kuliko baadhi ya ndugu zetu. Sasa amevuka barabara, amevaa kijani na njano.

Haikupita saa moja. Jamaa mmoja wa kijiweni, ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa anaapa kwamba bila Chama hakuna Simba, akasema, "Yule ameisha bana. Mzee. Wamechukua gofu." Watu wa Yanga nao, ambao kwa miaka yote walikuwa wanamwita mchezaji wa kawaida tu, wakawa wanatupitia dirishani: "Makolo, poleni na msiba!" Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile. Kilichobadilika ni jezi, na tathmini zote zikageuka ndani ya saa moja.

Utani huo wa jadi mimi siugombi. Kilichonisumbua kilikuja siku zilizofuata, Simba walipoanza kutambulisha sura mpya. Wengi walikuwa vijana tusiowajua: Joshua Mutale, Steven Mukwala, Jean Charles Ahoua. Kila jina lilipotoka, benchi la kijiwe liligeuka mahakama. Mtu anatazama video ya dakika mbili, anarudisha simu mfukoni, anatoa hukumu. Zamu ya Ahoua ilipofika, kiungo kutoka Ivory Coast ambaye hata jina lake hatukujua linatamkwaje, hukumu niliitoa mimi. Nilisema kwa sauti, watu wakacheka: "Garasa hili."

Mnajua garasa. Ni ile karata isiyo na pointi, ambayo ukigawiwa nyingi unakunja uso. Kwenye mpira wetu ndiyo mchezaji aliyesajiliwa akawa hana faida. Ahoua alimaliza msimu ule wa 2024/25 akiwa mfungaji bora wa ligi, magoli 16. Na Simba ile ya vijana tusiowajua ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kuna kijana alinikumbusha lile neno langu. Nikamjibu, "Aah, mengi ya penalti." Yaani hata kuomba radhi kimoyomoyo nilishindwa.

Usiku ule nilikaa nikajiuliza swali ambalo sijaliacha mpaka leo: mtu anadaiwa nini na wale waliomchagua? Nilijiuliza kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuchaguliwa, na niliwahi kuwa garasa. Nitafika huko.

Kwanza tumtazame aliyechaguliwa kuliko Mtanzania mwingine yeyote. Wamarekani katika mpira wa kikapu wana utaratibu wao: kila mwaka timu zinapanga foleni, zilizofanya vibaya zikipewa nafasi kubwa ya kutangulia, kisha zinaita vijana mmoja mmoja kwa namba. Kijana hachagui timu. Mashabiki wamekaa ukumbini, jina likisomwa wanashangilia au wanazomea hapohapo. Juni 2009, New York, jina la pili kusomwa lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, aliyekuwa anacheza Chuo Kikuu cha Connecticut. Memphis Grizzlies ndio waliomchukua. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Sasa angalia walioitwa baada yake. Wa tatu, James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Thabeet alishushwa ligi ya maendeleo, na hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho akashushwa kabla yake. Mwaka 2011 akahamishiwa Houston. Tangu hapo, wakikaa kuorodhesha chaguo mbovu za historia, jina lake halikosekani.

Lakini hebu tusome tena neno lenyewe. Chaguo bovu. Ubovu wa chaguo ni wa nani? Thabeet alijiandikisha, ndiyo. Lakini namba mbili hakujipa. Hakuna siku aliyosimama akasema, "Nitawazidi Harden na Curry." Waliosema hivyo ni watu wazima waliolipwa mishahara kupima vipaji. Wakakosea hesabu, na hesabu yao iliyokosewa wakaivisha shingoni mwa kijana wa miaka 22. Angeitwa namba arobaini angekuwa hadithi nzuri: kijana mrefu wa Dar aliyefika NBA. Miguu ileile, mikono ileile. Aibu yake yote ilitoka kwenye namba aliyopewa na wengine.

Nije sasa kwangu.

Nimezaliwa visiwani huko, kwenye delta ya Rufiji, ambako barabara ni maji na saa ya kusafiri inapangwa na kujaa na kupwa. Mwaka 1999 nilimaliza darasa la saba. Kwa Kiswahili cha Tanzania mtoto anayekwenda sekondari tunasema amechaguliwa. Tena majina yanabandikwa ukutani, watu wazima wasiojua kusoma wanaomba wasomewe. Mwaka ule shuleni kwetu jina lilikuwa moja. Langu.

Ada ilikuwa inalipwa wakati ule, na godoro, na sare, na ndoo. Mama hakuwa nacho. Mjomba wangu akauza mtumbwi wake. Anayejua delta atanielewa nikisema aliuza miguu. Shamba lake la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mto, dungu lake la kulindia ndege na nguruwe lilikuwa huko huko, na uvuvi wake wa kamba ndio usiseme. Tangu siku ile akawa mtu wa kusimama ukingoni akisubiri wa kumvusha.

Nilisindikizwa na kijiji kizima. Boti mpaka Nyamisati, gari la mizigo mpaka Bungu, basi mpaka shuleni. Wazee walinipa mkono mmoja mmoja. Mmoja akasema nikawe daktari nirudi niwatibu. Mwingine akasema niwe mbunge. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na kila aliyenishika mkono alinikabidhi kitu kizito bila kuniuliza kama nakiweza.

Mwaka 2003 nilifanya mtihani wa kidato cha nne. Nikapata ziro.

Kurudi kijijini na ziro ni safari ndefu kuliko kwenda. Hakuna aliyenitukana usoni. Ila jioni, watu wakicheza karata chini ya mwembe, mtu akigawiwa vibaya alisema jina langu, wenzake wakacheka. Ndipo nilipojua maana kamili ya garasa. Miaka ishirini na zaidi baadaye, neno hilohilo nikamrushia kijana wa watu ambaye sijawahi hata kumwona akigusa mpira. Mtu aliyeumwa na nyoka, badala ya kuonya wenzake, anafuga nyoka. Sijui nisemeje zaidi ya hapo.

Mjomba alikaa siku tatu bila kuligusa jambo lile. Siku ya nne tukawa dunguni tunalinda mpunga, mimi nikaanza kulia, nikamwambia, "Mjomba, nimepoteza mtumbwi wako." Akaniangalia kama mtu aliyesikia upuuzi. Akasema, "Mjomba, mtumbwi niliuza mimi. Wewe ulikuwa mtoto, hata bei hukuulizwa." Akarudi kupiga kelele za kufukuza ndege.

Nimeyatafakari maneno yale maisha yangu yote. Mjomba hakusema mtumbwi haukuwa na thamani, wala hakusema haumii. Alisema tu kwamba uamuzi ulikuwa wake, na hasara ya uamuzi ni ya mwenye uamuzi. Alikataa kunikabidhi mimi kitu kilichokuwa chake.

Najua kuna atakayenipinga, na ana hoja. Mchezaji analipwa, tena vizuri. Shabiki wa Kibiti anauza mkaa, anauza kaa, anatoa hela yake kuingia kibanda umiza, anapanda basi zaidi ya kilomita mia moja kwenda Uwanja wa Mkapa. Asikasirike? Akasirike. Mchezaji anayetembea uwanjani wakati wenzake wanakimbia anadaiwa, na adaiwe kwa sauti. Mimi mwenyewe nilidaiwa. Ukweli ambao sikumwambia mjomba siku ile, nilimwambia miaka mingi baadaye: Agosti 2003, mtihani uko mlangoni, Simba walikuwa wanawatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kule Cairo kwa penalti. Wakati wa kujisomea mimi nilikuwa nimebana redio sikioni nyuma ya bweni. Na haikuwa siku hiyo tu. Hilo ni deni langu halali. Mjomba aliposikia alikaa kimya, halafu akauliza, "Kaseja alidaka?" Nikamjibu alidaka. Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo naona madeni ni mawili, na tatizo letu ni kuyachanganya. La kwanza ni deni la juhudi. Hilo aliyechaguliwa analikubali mwenyewe anapotia saini au anapopanda boti, na tuna haki ya kulidai. La pili ni deni la tumaini: udaktari, ubunge, mabao thelathini, ubingwa wa Afrika. Hilo tunaliandika sisi peke yetu, usiku, tukiwa na furaha, halafu asubuhi tunampelekea mtu mwingine alipe. Tukimwita garasa kabla hajacheza tunakuwa tumevuka hata hapo, maana tunamdai kabla mkopo haujatoka.

Wapenzi wa vitabu mtakumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert. Nchi ile ilituma wajumbe sita, kila mmoja upande wake, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakatupwa gerezani. Zamani nilisoma hadithi ile kama hadithi ya watawala. Siku hizi nawaza pia umati. Watu waliowatuma wajumbe walikuwa wapi siku wanafungwa? Bila shaka walikuwa kijiweni, wanasubiri jina la mjumbe anayefuata.

Na kuna upande wa pili wa jambo hili ambao ni mbaya vilevile. Meddie Kagere alikuja Simba mwaka 2018 akitokea Gor Mahia, ana miaka 31, na kejeli za umri zilimtangulia. Msimu wa kwanza akafunga magoli 23, wa pili 22, mara zote mfungaji bora. Je, tulimrudishia chochote kwa zile kejeli? Hatukumrudishia. Tulishangilia kama vile magoli yale yalikuwa haki yetu tangu mwanzo. Akishindwa, kosa ni lake. Akiweza, ni jicho letu la usajili. Kwa hesabu ya namna hiyo aliyechaguliwa hawezi kumaliza deni hata siku moja.

Nirudi kwenye karata kidogo, kwa sababu neno tumelitoa huko. Mcheza karata yeyote anajua garasa la turufu linakula hata karata kubwa ya aina nyingine. Thamani yake inategemea mkono uliolishika, na wenzake lililogawiwa nao, na saa ya kulitupa. Tena garasa halijigawi. Ukilikuta mkononi na hasira zikakupanda, mtazame aliyegawa.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu kule visiwani amechaguliwa. Siku hizi ada ya sekondari za serikali haipo, ila godoro bado lipo, na ndoo, na nauli ya boti. Dada alinipigia anaomba nimtafutie mtoto maneno ya kumwambia, maana mimi ndiye niliyesoma. Nilitaka kumwambia asituangushe. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikatuma hela ya godoro. Mtoto akapewa simu, akasema, "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia, nikamuuliza kama anajua kuogelea, kwa sababu Nyamisati siku hizo kulikuwa na upepo. Akasema anajua. Nikamwambia basi asafiri salama, na asome kwa bidii. Hela ya godoro nimetoa mimi.