Shamba Lililolala si Mahame

Kiswahili kina neno mahame: mahali walipohama watu, pakabaki bila mwenyewe. Macho ya mpita njia hayawezi kuyatofautisha mahame na shamba lililolazwa makusudi ili udongo urudishe nguvu. Pote pawili pana vichaka na ukimya. Kinachotenganisha ni nia ya mtu ambaye hapo hayupo. Ndipo linapozuka swali: je, kuacha kutumia kwaweza kuwa namna ya kutumia?

Wabemba wa kaskazini mwa Zambia walilijibu kwa vitendo katika kilimo chao cha citemene, alichokieleza kwa kina Audrey Richards katika kitabu chake cha 1939. Mkulima hukwea miti, hukata matawi, huyarundika mahali padogo kuliko eneo alilokata, kisha huyachoma kabla ya mvua. Majivu hupunguza uchachu wa udongo na kuupa madini; ulezi hustawi. Misimu michache baadaye rutuba hupungua, naye huhamia kwingine. Mashina yaliyobaki huchipua, mizizi mirefu huvuta madini kutoka chini, majani huanguka na kuoza. Watawala wa kikoloni waliuona ufujaji pale ambapo mkulima aliona deni analolilipa polepole.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili haipuuziki. Watu wakiongezeka, ni haki gani inayomruhusu mmoja kulaza shamba kwa ajili ya wajukuu, ilhali jirani hana pa kupanda? Aliye na njaa leo ana dai zito kuliko asiyezaliwa. Lakini akipewa shamba kabla halijapumzika, atavuna kidogo, kisha kidogo zaidi, na mwishowe wote wawili watakosa. Njaa yake haitakuwa imeondolewa. Itakuwa imeahirishwa na kuongezwa.

Mashariki mwa Zambia ilipatikana njia ya kati. Wakulima walipanda sesbania na mtupa, mimea ya jamii ya kunde ambayo bakteria wa mizizini mwake hunasa nitrojeni ya hewani. Mapumziko ya miaka mingi yakafupishwa kuwa miwili au mitatu, na mahindi yakazaa vizuri zaidi. Muda umepungua, ila haukutoweka: bado kuna misimu ambayo mtu hulima asichokila.

Na nani awezaye kungoja? Ni yule tu mwenye hakika kwamba shamba litakuwa lake atakaporudi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaihesabu ardhi iliyolazwa kuwa ya kijiji. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo, inaiingiza katika ardhi ya jumla ile ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Kati ya maneno hayo mawili, kulazwa na kutotumiwa, mkulima anaweza kupoteza urithi wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la shamba lililolala limo katika kumbukumbu za majirani tu.

Basi subira ni fadhila, lakini si haki kuidai kwa mtu aliyenyimwa hakika ya kesho. Anayemlaumu mkulima kwa kuuchosha udongo aulize kwanza kama mkulima huyo aliwahi kuruhusiwa kuupumzisha bila kuupoteza.